Unadai Gitaa ya Nyuzi Saba? Soma Hii Kabla Hujamwaga Doh

Kuna boy wangu wa Umoja aliuza gitaa yake ya nyuzi sita, akaongezea doh ya miezi minne ya kuhustle, akajinunulia ya nyuzi saba. Nyeusi tii, luku ya kuua. Alinitumia picha saa tano usiku kama mtu amepata mtoto. Wiki tatu baadaye nikampitia keja, nikapata gitaa imesimamishwa nyuma ya mlango, imefunikwa na jaketi. Nikamuuliza kwani kuna nini. Akaniambia, "Manze, ule uzi mnene unalia kama waya ya kuanika nguo." Nikaishika. Na kweli, ililia kama waya ya kuanika nguo.

Sasa sikiza. Hiyo gitaa haikuwa mbovu. Ilikuwa imewekwa uzi mwembamba kuliko kazi yake, shingo yake ilikuwa pana kuliko alivyozoea, na ilikaa kama hakuna fundi alikuwa ameigusa tangu itoke kiwandani. Kama jamaa angekaa nayo robo saa dukani akijua anacheki nini, angejua hayo yote kabla hajatoa hata soo. Lakini alifanya vile wengi wetu hufanya: aliangalia rangi, akapiga rifu mbili, akalipa.

Basi kama wewe pia umeanza kuota hizi vitu, wacha tubonge polepole.

Kwanza, hii kitu ni nini hasa

Gitaa ya kawaida iko na nyuzi sita: E, A, D, G, B, E. Ya saba huongezwa upande wa ile minene, yaani ule uzi unaokaa juu kabisa karibu na kidevu chako, na hutyuniwa B. Ukihesabu kutoka unene kwenda wembamba unapata B, E, A, D, G, B, E. Uzi wa E wa kawaida hutetemeka karibu mara 82 kwa sekunde. Huo wa B ni kama mara 62. Kama hizo namba hazikuambii kitu, muulize mpiga besi wenu apige freti ya pili kwenye uzi wake wa A. Ni noti ile ile. Kwa hivyo ukinunua hii gitaa unahamia mtaa wa mpiga besi, na itabidi mkae chini mjue nani analala wapi. Bendi ambayo haijaongea hayo hutoa kelele ya matope.

Watu hudhani nyuzi saba ililetwa na wasee wa metali. Zii. Mjazi wa Marekani anaitwa George Van Eps aliwaagiza Epiphone wamtengenezee moja huko mwishoni mwa miaka ya 1930, na uzi wake wa ziada aliutyuni A ili ajipigie besi mwenyewe chini ya kodi zake. Warusi nao wana gitaa yao ya kawaida ya nyuzi saba, ya mbao, iliyotyuniwa kivingine kabisa, na ni ya zamani kuliko hizi zote. Ile ya umeme tunayoijua leo ilishika watu 1990, Ibanez walipotoa Universe, gitaa waliyounda na Steve Vai. Halafu 1994 Korn kutoka Bakersfield, California, wakatoa albamu yao ya kwanza, wakashusha kila uzi hatua nzima mpaka ule mnene ukawa A, na kuanzia hapo kila kijana mwenye hasira na ampu alidai saba.

Na usifikirie kucheza na nyuzi ni mambo ya mzungu peke yake. Rhumba ya Kongo ina gitaa ya katikati inaitwa mi-composé, ambapo uzi wa nne hutolewa ukawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu. Wazee waliona gitaa haiwapi sauti waliyotaka, wakaigeuza. Wewe pia ndio hicho unatafuta.

Lakini swali la kweli: unaihitaji?

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kama sababu yako ni kwamba inakaa poa kwa picha, baki na sita yako. Kama unataka tu sauti nzito kwa ngoma mbili tatu, nunua seti nene ya nyuzi sita, shusha tyuning mpaka C au hata B, mpelekee fundi arekebishe nati na urefu wa nyuzi. Utatumia doh kidogo sana, na utajua kama kweli unapenda kuishi huko chini.

Saba inaanza kuleta maana pale ambapo unataka uzito wa chini na bado unataka uzi mwembamba wa E ubaki mahali pake, bila kuhamisha kila kitu. Unapiga rifu nzito kwa B, sekunde hiyo hiyo unapanda solo juu. Ama unapiga kanisani au jazi, hakuna besi siku hiyo, unataka kushika besi na kodi kwa mkono mmoja. Ama bendi yenu imeshaandika ngoma za tyuning ya chini na umechoka kubeba gitaa mbili kwa mat. Hizo ni sababu. Nairobi iko na wasee wa mziki mzito, Last Year's Tragedy wametoka hapa hapa, na Duma wakatoa albamu 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikasikika mbali. Kwa hivyo usiambiwe hii mziki haina kwao.

Urefu wa uzi, hapa ndio watu huchomwa

Kuna kipimo kinaitwa skeli. Ni urefu wa uzi kutoka nati, yaani ule mfupa mwembamba juu ya shingo nyuzi zinapopita, mpaka briji, pale chini nyuzi zinapoishia. Gitaa nyingi za nyuzi sita ziko inchi 25.5 ama chini kidogo. Saba utazipata za 25.5, za 26.5 na za 27. Kwa mfano Schecter Omen-7 ni 26.5, na Ibanez Universe ya Vai ni 25.5.

Inchi moja na nusu inaonekana kama mchezo, lakini siyo. Chukua uzi ule ule, noti ile ile, uuweke kwa 27 badala ya 25.5: unakazika zaidi kwa asilimia kama 12. Kwa 26.5 ni asilimia kama 8. Hiyo ndiyo tofauti kati ya uzi unaosimama wima ukiuchapa na uzi unaoyumba kama kamba ya kurukia. Uzi uliolegea ukiuchapa kwa nguvu, noti inaanza juu halafu inateremka mahali pake. Kwenye rifu ya haraka hauna muda wa kuteremka, kwa hivyo unasikika umetoka tyuni hata kama tyuna inakuambia uko sawa. Boy wangu wa Umoja alikuwa anaumwa na hii tu, hakuna kingine.

Sasa utasema, basi ninunue 27 nimalize. Ngoja. Skeli ndefu inasukuma freti zikae mbali. Kutoka nati mpaka freti ya nne kwa 25.5 ni milimita kama 134. Kwa 27 ni kama 141. Vidole vyako vinasikia hizo milimita saba, hasa kama mkono wako ni mdogo na unapenda kodi za kunyoosha vidole. Pia nyuzi nyembamba zinakaza, kwa hivyo kuvuta noti kwenye solo kunakuwa kazi ya gym, na ule wa E unakuwa mkali masikioni.

Mimi kama unaniuliza, mtu wa saba ya kwanza anayetyuni B ya kawaida aende 26.5. Ukishuka mpaka A na unachapa kwa nguvu, tafuta 27. Ukiwa unapiga solo sana, jazi, gospo, na mkono wako ni mwepesi, 25.5 na uzi mnene itakutosha vizuri. Kuna pia zile zenye freti zimeinama kama feni, ambapo upande wa uzi mnene ni mrefu na wa uzi mwembamba ni mfupi. Zinatisha kuangalia, lakini mikono huzoea haraka kuliko macho. Kodi za kuziba nyuzi zote huko juu kabisa mwa shingo ndizo husumbua, kwa hivyo zijaribu hizo kwanza.

Unene wa uzi nao uuangalie. Seti ya Ernie Ball Regular Slinky ya nyuzi saba inaishia 56, ya D'Addario EXL110-7 inaishia 59. Hizo ni sehemu za elfu za inchi. Kwa 25.5 mimi singeweka chini ya 59 kwa B, na nikishuka A ningeenda 62 ama zaidi. Ukipata gitaa dukani ina uzi wa saba uliolegea, usiihukumu mara moja. Uliza ni unene gani umewekwa. Pengine shida ni ya uzi tu, gitaa yenyewe iko sawa.

Shingo na mkono wako

Nati ya gitaa ya nyuzi sita huwa milimita 42 ama 43. Ya saba mara nyingi ni 48. Mtu akikuambia hautasikia tofauti, huyo anauza. Utaisikia sekunde ya kwanza. Kitu cha kuuliza ni kama utaizoea ama itakuumiza.

Upana peke yake hauna neno la mwisho. Unene wa shingo kwa nyuma pia uko kwa hii story. Kuna shingo nyembamba na bapa, zile Ibanez wanajulikana nazo, na kuna za mviringo zinazojaza kiganja. Watu wengi hudhani nyembamba ndiyo rahisi. Kwa dakika tano, ndiyo. Baada ya saa moja, mwenye mkono mkubwa hujikuta anabana kidole gumba kama anashikilia ATM kadi, na maumivu yanaanza chini ya gumba. Mwenye mkono mdogo naye akipewa shingo nene hafiki uzi wa saba bila kukunja kiwiko.

Fanya hivi. Kaa chini, weka gitaa kwa paja, weka gumba katikati ya mgongo wa shingo, siyo juu. Piga noti kwenye uzi wa B freti ya kwanza mpaka ya nne, kidole kwa kila freti, polepole. Kiganja kikianza kukunjika vibaya hapo, kumbuka hilo. Halafu ziba nyuzi zote saba freti ya tano kwa kidole kimoja, zipige moja moja. Ngapi zinalia, ngapi zimekufa? Ukipata mbili zimekufa siku ya kwanza ni kawaida. Ukipata nne na umebana mpaka kidole kimekuwa cheupe, hiyo shingo na wewe hamtaelewana.

Sasa simama. Hapa ndipo watu wote husahau. Omba mkanda, vaa gitaa, toa mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikianguka kuelekea sakafu, ujue mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba shingo usiku mzima badala ya kupiga. Saba ziko na kichwa kirefu na tyuna moja zaidi, kwa hivyo hii shida huja sana, hasa kwa zenye mwili mdogo. Mkanda wa ngozi yenye kukwaruza husaidia kiasi. Na kama wewe ni wa kuvaa gitaa mpaka magoti juu ya steji, jaribu hivyo hivyo dukani, usione haya. Kufika uzi wa saba ukiwa umevaa chini namna hiyo ni adhabu, afadhali ujue mapema.

Robo saa dukani

Muuzaji atataka akuchomekee kwa ampu kubwa, aweke gein yote, upige uskie raha. Mwambie kwa heshima, "Boss, nipe kwanza bila ampu." Gein huficha kila dhambi.

Ukiwa bila ampu, inua gitaa kama unalenga bunduki, angalia shingo kutoka kichwani ukielekea mwilini. Kingo zote mbili ziwe zimenyooka, ama zimeinama kidogo sana kwenda mbele. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, shingo imejipinda. Kuinama hurekebishwa kwa ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, kujipinda ni ngori. Rudisha, shukuru, toka.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu mpaka chini. Freti zikikukwaruza kama msumeno, mbao imekauka ikasinyaa na chuma kimebaki nje. Fundi hupiga msasa akamaliza, lakini hiyo ni doh, iingize kwa bei. Sisi wa Nairobi tunaona hii sana Januari na Februari kukikauka. Wasee wa Mombasa nyinyi mna yenu: unyevu na chumvi hula nyuzi na skrubu za briji, kwa hivyo ya mkono wa pili kutoka Pwani angalia kutu kwenye skrubu kabla hujaangalia rangi.

Sasa bonyeza uzi mnene freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto na freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, kisha angalia katikati, freti ya saba hivi. Inafaa kuwe na nafasi nyembamba kama kadi ya biashara ama chini yake. Hakuna nafasi kabisa? Uzi utagongagonga. Nafasi ya kupitisha sarafu? Shingo imevutwa, inataka kukazwa. Muulize muuzaji kama fundi wake anaweza kurekebisha hapo ukiangalia. Ukishaona bolti ya hiyo fimbo imeliwa ama imekwama, hepa.

Kimo cha nyuzi pima freti ya 12. Beba rula ndogo ya shule, haidai ufundi. Milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.5 upande mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa 3 na zaidi, uliza kama briji bado ina nafasi ya kushuka. Kama imeshashuka mwisho na nyuzi bado ziko juu angani, hiyo gitaa ina tatizo la kuzaliwa.

Kisha piga kila noti. Kila moja. Nyuzi saba, freti 24, ni noti 168, na ndiyo, muuzaji atakuangalia vibaya. Ikikuchosha, angalau tembea uzi wa B wote na ule mwembamba wa E wote. Mgongano kidogo ambao hauskiki ukichomeka ampu, usijali. Noti inayokufa ghafla mahali pamoja, freti imeinuka. Ukivuta uzi wa E kwenye freti ya 12 na ya 15, usikatike sauti katikati. Pia uvute kuelekea chini uone kama unateleza ukitoka nje ya ubao, kwa sababu saba za bei rahisi nyingine zimewekwa nyuzi karibu sana na ukingo.

Halafu tyuna. Ya simu itatosha ila huwa inachanganyikiwa na B ya chini, kwa hivyo kama duka lina ya kuchomeka, itumie. Piga B wazi kwa nguvu, angalia sindano. Ikiruka juu sana halafu ishuke, ule ulegevu tuliongelea. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, itoe ile sauti ya kengele, halafu bonyeza freti hiyo hiyo upige. Sauti zote mbili zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu, kipande cha briji cha uzi huo kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kwenye saba angalia kama kipande cha B kimeshasukumwa mwisho kabisa. Kikiwa kimefika mwisho na bado noti iko juu, basi kwa huo uzi gitaa haitawahi kuwa kwenye tyuni, na hii nimeiona kwenye za bei ya chini zaidi ya mara moja.

Mwisho kabisa ndio uchomeke ampu. Anza sauti safi. Piga B halafu E halafu A, ziwe na nguvu karibu sawa. B ikimeza wenzake, shusha pikapu upande huo, ni skrubu mbili tu. Sasa weka gein, ziba nyuzi kwa kiganja, chapa B haraka. Unataka uskie kila pigo kivyake, tok tok tok. Ukiskia mvumo mmoja mrefu, jaribu kushusha besi ya ampu na kupunguza gein kabla ya kulaumu gitaa. Kaampu kadogo ka spika ya inchi nne hakawezi kutoa 62 kwa sekunde vizuri, hakajaumbwa hivyo. Ukiwa na hedifoni nzuri, beba.

Vitu vingine, haraka haraka

Briji: kama ni saba yako ya kwanza, chukua iliyotulia, isiyo na mkono wa kutikisa. Floyd Rose ni tamu, lakini kubadilisha tyuning kwake ni kama kuhama nyumba, kila uzi unaogusa unavuruga wengine sita. Wewe utataka kubadilisha B kwenda A na kurudi kila siku.

Pikapu zenye betri ya volti 9 hutoa sauti kavu na safi ya metali. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri inaisha, na itaisha usiku wa shoo. Zisizo na betri ni sawa tu, na kubadilisha baadaye inawezekana. Pikapu hazifai kuwa sababu ya kukataa shingo uliyoipenda.

Nyuzi: uliza kabla ya kununua gitaa kama hilo duka linaweka seti za saba. Mara nyingi utaambiwa "zinakuja wiki ijayo". Njia ya mtaa ni kununua seti ya sita na uzi mmoja mnene wa kuuzwa kivyake. Nunua miwili.

Mkono wa pili: hakuna kutuma deposit kwa mtu ambaye hajakuonyesha gitaa ikilia. Kutana mahali pa watu, penye soketi, beba kaampu kako. Akikataa usipime, ameshakujibu. Ukiagiza nje, piga hesabu ya usafiri na kodi kabla, siyo wakati imekaa airport.

Na acha doh kidogo ya fundi. Usitumie yote kwa gitaa. Gitaa ya bei ya kati iliyosetiwa vizuri hupiga kuliko ya bei kali iliyotoka kwa boksi ikiwa imekauka. Mwambie fundi unatyuni nini na unatumia nyuzi gani, kwa sababu atakata nati kulingana na hizo. Uzi wa 62 kwenye mfereji wa 54 utakwama, na utaskia kale ka-"ting" kila ukityuni.

Wiki mbili za kwanza utapotea. Jicho lako limezoea kwamba uzi mnene kabisa ni E, kwa hivyo utaanza ngoma unazozijua na kutua mahali si pako mbele ya watu. Pia utagundua uzi wa saba hupenda kulia bila kuitwa wakati unapiga mingine. Kiganja cha kulia kiishi juu yake, na ncha ya gumba la kushoto imguse ukiweza. Umbo la kodi za nguvu halibadiliki lakini: ulivyoshika E na A, ndivyo utashika B na E.

Boy wangu? Tulienda tao Jumamosi moja, tukanunua uzi wa 62, fundi akapanua nati, akakaza fimbo ya shingo robo mzunguko, akashusha briji. Ilichukua kama saa moja na nusu, na sisi tumekaa kwa stuli tukila smokie. Fundi alipomaliza akachomeka, akachapa B mara moja, akamwangalia jamaa. Jamaa hakusema kitu. Aliichukua, akaanza kupiga, na nikapanda mat peke yangu kwenda home kwa sababu alikataa kutoka hapo mpaka duka lifungwe. Upana wa shingo bado unamsumbua.